Kilo Tatu za Unga Ndani ya Kigari

Jumanne ilikuwa siku ya mzani.

Kila Jumanne asubuhi, Msusi alimnyonyesha mtoto, akambadilisha nepi, akamfunika blanketi jepesi, kisha akaanza kupanda mlima kwenda kliniki. Alimbeba mikononi. Shingo ya mtoto ilikuwa bado laini, hawezi kubebwa mgongoni. Na mshono wa mama ulikuwa bado mbichi, kwa maana alijifungua kwa upasuaji.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake. Alikuja kama mgeni asiyepiga hodi, na ndiyo maana baba yake akampa jina la utani, Mgeni. Siku ya kuzaliwa alikuwa na kilo mbili na kidogo.

"Huyu tutampima kila wiki," alisema muuguzi wa kliniki. "Mtoto mdogo hana akiba mwilini. Akipungua leo, nataka nijue leo, si mwezi ujao."

Maneno hayo Msusi aliyashika vizuri. Mtaani walimwita Msusi kwa sababu ya kazi yake ya kusuka nywele, na kazi hiyo ilimfundisha kutoachia kitu alichokwisha kukishika.

Lakini mlima ni mlima. Jumanne ya nne alipumzika kwenye ukuta wa shule, akapumzika kwenye ngazi za duka la dawa, akafika kwenye benchi la kinyozi. Hapo mshono ulimvuta kama uzi uliokazwa. Kinyozi alimletea maji. Alikaa mpaka jua likawa kali, halafu akarudi nyumbani. Mgeni hakupimwa.

Mume wake aliporudi kutoka kazini alimkuta ameketi na mtoto mapajani.

"Vipi, Mama Mgeni?"

"Leo mwanangu hakupimwa," alisema Msusi. "Haitatokea tena."

"Jumanne ijayo sitakwenda kazini. Nitakupeleka."

"Na ile ya baadaye? Na ile itakayofuata? Wateja wako watakalia nini, mkeka?" Msusi alitikisa kichwa. "Nataka kigari cha mtoto. Nataka nimsukume mwenyewe mpaka kwenye mzani."

Mumewe alikuwa fundi wa kushona na kujaza makochi. Watu walimwita Fundi Sofa. Jambo la kuchekesha ni kwamba nyumbani kwake hakukuwa na sofa. Kulikuwa na fremu ya mbao tu, imesimama kwenye ujia wa kutokea nje, ikisubiri sponji na kitambaa mwaka wa pili sasa. Kila aliyepita aliigonga kwa goti.

"Kigari?" alisema Fundi Sofa, macho yakang'aa. "Dada yangu anacho. Watoto wake wamekwisha kukua. Niachie mimi."

*

Dada mtu alikileta siku iliyofuata, akikisukuma kwa mkono mmoja na mkono wa pili ameshika kiuno.

"Wifi, haya. Wangu wote wawili walipanda humu, na hawa hapa wanakula kama mchwa."

Kilikuwa kigari cha kiti. Mtoto hukaa ndani yake kama mtu mzima anavyokalia kiti, miguu ikining'inia. Kitambaa kilikuwa kimechakaa. Fundi Sofa alikipeleka kwenye karakana yake, akakifanyia kazi siku tatu.

Aliporudi nacho, majirani walitoka kutazama. Alikuwa amekivika mahameli ya rangi ya zambarau. Alikuwa amekijaza sponji, tabaka tatu. Mgongoni alikuwa ameshona vifungo tisa, kila kimoja kimezama kwenye shimo lake, kama makochi ya ofisi za wakubwa. Na kichwani aliweka mto.

"Gusa," alimwambia mkewe.

Msusi aligusa. Mkono ulizama mpaka kwenye kifundo.

"Hicho si kigari tena," alisema wifi yake. "Hicho ni kiti cha enzi. Mgeni ataanza kutupa amri."

Walicheka wote. Fundi Sofa alimchukua mwanawe, akamweka taratibu. Mgeni alizama. Kichwa chake kikainama mbele, kidevu kikagusa kifua.

Msusi aliacha kucheka. Yeye alikuwa mtu wa vichwa na shingo. Mteja akisinzia wakati wa kusukwa, kichwa kikaanguka mbele, hukoroma, hushtuka, hutafuta hewa. Msusi humwinua kwa kidole kimoja chini ya kidevu. Sasa alinyoosha kidole kilekile, akainua kidevu cha mwanawe. Alipokitoa, kidevu kikarudi kifuani.

"Baba Mgeni, huoni kama amejikunja?"

"Amestarehe. Angalia, hata halii."

Msusi alitaka kusema zaidi. Aliangalia vifungo tisa. Aliangalia vidole vya mumewe, vina alama za sindano. Akanyamaza. Baadaye alijuta kwamba alinyamaza.

*

Jumanne ya tano alipanda mlima akisukuma kiti cha enzi. Hakupumzika kwenye ukuta wa shule. Lakini kila hatua kumi alisimama, akaingiza mkono, akainua kidevu cha Mgeni. Kidevu kilirudi chini. Alipofika nyumba ya tatu kutoka kliniki, alisikia sauti ndogo, kama mlango unaokwaruza. Mgeni alikuwa anapumua kwa taabu.

Msusi alimtoa palepale. Alimbeba mkono mmoja, akasukuma kigari kwa mkono mwingine, akafika langoni akihema kuliko siku zote.

Kando ya lango kulikuwa na kibanda cha fundi wa viti vya magurudumu vya wagonjwa. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imejaa grisi. Alipewa jina la Mama Spoki, kwa sababu hakupita gurudumu bila kuhesabu spoki zake.

"Pole, mwanangu," alisema. "Nimeona umemtoa njiani. Alikuwa anakoroma?"

"Ndiyo. Kidevu kinaanguka."

"Umefanya vyema kumtoa. Nenda kwanza kwa muuguzi. Kigari niachie."

Muuguzi alimlaza Mgeni chali juu ya meza, akamsikiliza kifua, akamtazama rangi ya midomo, akampima. Mgeni alikuwa akipumua vizuri. Kilo mbili na gramu mia sita.

"Uzito umepanda," alisema muuguzi. "Lakini sikiliza, mama. Mtoto mchanga hana nguvu ya shingo. Akikalishwa, kichwa huanguka mbele na njia ya hewa hujikunja kama bomba la maji lililokanyagwa. Hawezi kuinua kichwa mwenyewe, na hawezi kukuita. Kwenye kigari alale chali, amenyooka, mgongo umelala sawasawa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aweze kushika shingo yake na kukaa mwenyewe. Kwa wengi ni kama miezi sita. Wako alitangulia kuja, huenda akachelewa kidogo. Usihesabu miezi peke yake, mwangalie yeye."

Msusi alipotoka alikuta Mama Spoki amekigeuza kigari juu chini, anazungusha gurudumu kwa kidole.

"Nani aliyeshona hivi?"

"Mume wangu."

"Fundi kweli. Sijaona mshono ulionyooka namna hii." Mama Spoki alifuta mikono. "Mwambie aje akichukue yeye. Wewe nikikueleza, utabeba maneno mpaka nyumbani, na maneno huchakaa njiani. Mwache aone."

*

Fundi Sofa alikuja kesho yake, uso umekunjamana. Msusi alikuja naye, Mgeni akiwa mikononi mwa baba.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa umekamata kigari changu."

"Marahaba, baba. Sijakikamata, nimekilaza hospitali." Mama Spoki alimsogezea stuli. "Nikuulize, fundi kwa fundi. Mteja akikuagiza kochi, unaanza na nini?"

"Nauliza nani atalikalia. Mzee mwenye magoti mabovu, kiti kinakuwa juu. Mtu mnene, fremu inakuwa nzito."

"Na hiki ulimshonea nani?"

Fundi Sofa alimtazama Mgeni, amelala mkononi, kichwa kimeegemea kiwiko.

"Nimemshonea kiti mtu asiyejua kukaa," alisema polepole.

"Ndiyo hivyo. Na ulaini huu, kwa mtu mzima ni raha. Kwa mtoto mchanga ni shimo. Akigeuza uso, pua inazama kwenye sponji au kwenye mto. Anatakiwa godoro jembamba, gumu kidogo, linaloenea sawasawa bila pengo pembeni. Mto usiwepo. Midoli isiwepo. Na hivi vifungo, siku atakapojua kutia vitu mdomoni, ataanza na hivi."

"Nilivikaza kwa uzi wa viatu."

"Uzi wa viatu hukatika. Sasa njoo uone jambo la pili."

Mbele ya lango barabara iliteremka. Mama Spoki aliweka sanduku lake la vifaa kwenye kigari, akakanyaga breki, akaachia mikono. Kigari kilisimama. Fundi Sofa alianza kutabasamu. Kisha gurudumu moja likateleza, halafu la pili, na kigari kikaanza kuteremka, kwanza kama mtu anayetafakari, kisha kama mtu aliyekumbuka jambo. Fundi Sofa alimpa mkewe mtoto, akakimbia. Alikikamata kwenye nguzo ya taa.

Alirudi nacho. Alikaa kwenye stuli, mikono ipo juu ya magoti.

"Breki zimekwisha meno," alisema Mama Spoki kwa upole. "Dada yako hakujua. Alisukuma watoto wake kwenye uwanda. Wewe unakaa chini ya mlima."

"Siku tatu," alisema Fundi Sofa. "Siku tatu nimeshona, sikukanyaga breki hata mara moja."

Msusi aliweka mkono begani kwake. "Mimi niliona kidevu, nikanyamaza. Kosa tuligawane."

"Basi tugawane na kazi," alisema mumewe. "Mama, tufundishe kuchagua kigari kingine."

*

Jumamosi walikwenda madukani. Fundi Sofa alibeba kipande cha uzi mnene wenye mafundo mawili. Hivyo ndivyo alivyopima kazi zake zote. Tepu humpotea, uzi humkaa mfukoni. Fundo la kwanza lilikuwa upana wa ujia wa nyumbani kwao. Fundo la pili lilikuwa kimo cha kiuno cha Msusi kutoka chini, ili asisukume akiwa ameinama na kuumiza mshono.

Msusi alimbeba Mgeni. Na wifi yake, aliyenuna siku mbili aliposikia zawadi yake imekataliwa, alikuja amebeba mfuko wa unga wa kilo tatu.

"Mbona tatu?" aliuliza njiani. "Mtoto ana mbili na nusu na kidogo."

"Nanunua kigari cha huko anakokwenda," alijibu Msusi. "Anakwenda kwenye tatu."

Duka la kwanza muuzaji aliwapokea kwa tabasamu pana. Aliwaonyesha kigari kikubwa cha rangi ya fedha, kinachopiga muziki.

"Hiki ndicho wanachopenda akina mama wa kisasa, dada."

"Kinalala?" aliuliza Msusi.

"Kinaegemea vizuri sana."

"Sijauliza kuegemea. Kinalala?"

Muuzaji alivuta kamba nyuma ya kiti. Kiti kiliegemea, kikabaki kimepinda katikati. Wifi aliweka mfuko wa unga. Unga uliteleza, ukajikunja kwenye pindo.

"Unga umekunja kidevu," alisema wifi.

Fundi Sofa alinyoosha uzi wake. Kigari kilizidi fundo la kwanza kwa vidole vinne.

"Na hapo kwenu hakuna mlango mwingine?" aliuliza muuzaji.

"Upo. Ni wa jirani."

Walitoka. Duka la pili lilikuwa dogo, linauza vitu vipya na vilivyotumika. Kwenye kona kulikuwa na kigari cha bluu iliyopauka, hakina muziki, hakina mapambo. Badala ya kiti kilikuwa na kitanda kidogo chenye kuta nne na godoro jembamba. Msusi alikiendea moja kwa moja.

Hawakuharakisha. Wifi alilaza mfuko wa unga. Ulilala umenyooka. Fundi Sofa alikandamiza godoro kwa ngumi, akaachia. Halikubaki na shimo. Alipitisha kidole pembeni. Hakukuwa na pengo. Uzi ulisema kinapita kwenye ujia. Mshikio ulifika kwenye fundo la pili. Magurudumu yalikuwa makubwa ya kutosha kupita kwenye kokoto.

"Breki," alisema wifi. Hakumngoja mtu. Alikanyaga breki, akakisukuma kigari kwa nguvu zote, mpaka viatu vyake vikateleza sakafuni. Magurudumu hayakuzunguka.

"Dada, utavunja duka," alisema muuzaji.

"Afadhali nivunje duka," alijibu. "Mteremkoni sitakuwepo."

Wifi alimwambia muuzaji akikunje na kukikunjua mbele yao. Alikunja, akakunjua, na loki ikalia "ta" pande zote mbili.

"Kabla ya kumweka mtoto, sikilizeni mlio huo," alisema muuzaji. "Usiposikika, hakijafunga vizuri. Na mkikunja, vidole vya watoto viwe mbali. Atakapoanza kukaa, rudini, kina kiti chake na mikanda ya mabegani na kiunoni. Mikanda hiyo mfunge kila siku, hata kama mnakwenda hapo jirani."

Wifi aliurudisha mfuko wa unga ndani, na Msusi akatundika mkoba wake kwenye mshikio ili atafute pesa. Kigari, kwa kuwa kilikuwa chepesi, kilinyanyua pua. Mfuko wa unga ukateleza nyuma.

Wote wanne walitazama.

"Mkoba unakaa kwenye kikapu cha chini," alisema muuzaji.

"Tumeona," alisema Msusi, akautoa.

*

Jumapili Fundi Sofa alivunja fremu ya sofa iliyokuwa kwenye ujia. Mbao zake akazigeuza kuwa daraja dogo la mteremko juu ya ngazi mbili za mlangoni, ili mkewe asinyanyue kitu. Majirani walimuuliza kama amekata tamaa na sofa.

"Mwenye nyumba wetu mpya ana mwezi mmoja na kidogo," alisema. "Kukaa kwake bado."

Alishona na shuka la kubana godoro, limevutwa kama ngozi ya ngoma. Msusi alimwona akichukua kipande cha sponji, akakitazama, akakibonyeza. Kisha akakirudisha kwenye gunia.

Jumanne ilifika na jua kali. Wifi alipita, akaona paa la kigari linafunika nusu tu.

"Mtundikie kitambaa mbele, wifi, jua lisimpige."

"Muuguzi amekataza. Kitambaa kinazuia hewa, ndani kunakuwa kama chungu kilichofunikwa. Nitapita upande wenye kivuli, na nitamgusa shingo nione kama ana joto."

Alipanda. Alipita ukuta wa shule. Alipita ngazi za duka la dawa. Kinyozi alimwona, akavuta benchi lake karibu na barabara.

"Leo hukai?"

"Leo napita, kaka. Asante kwa yale maji."

Alipita kila Jumanne. Jumanne ya tatu ya kigari kipya, karibu na lango la kliniki, kamba ya kiatu chake ilifunguka pale penye mteremko. Msusi alikanyaga breki kwanza. Alivuta kidogo kuhakikisha. Mkono mmoja ukabaki kwenye mshikio, na kwa mkono wa pili akaingiza kamba ndani ya kiatu. Kigari hakikusogea hata kidogo. Kibandani, Mama Spoki aliyekuwa ameacha kazi kumtazama, akaendelea kuhesabu spoki.

Ndani, muuguzi alimlaza Mgeni kwenye mzani. Mgeni alipiga teke hewani. Mshale ulitetemeka, ukatulia.

"Kilo tatu kamili," alisema muuguzi, akaandika kwenye kadi.

Msusi alisoma kadi mara mbili. Halafu alicheka peke yake, polepole, mpaka muuguzi akamuuliza kuna nini.

"Huyu tulishamlaza kwenye kigari dukani," alisema Msusi. "Ila siku ile alikuwa unga."

Alikikunjua kigari, akasikiliza mlio wa loki pande zote mbili, akamlaza mwanawe chali, akaifungua breki, akaanza kuteremka mlima.